Chuma Kinapomeza Mpira: Historia ya Ukubwa wa Gurudumu la Gari Ilivyosomwa katika Barabara ya Haneti, Dodoma

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa sura yake ya nje ni la kiufundi: kwa nini magurudumu ya magari yanazidi kuwa makubwa kila kizazi kipya cha magari kinapotoka kiwandani? Majibu yaliyozoeleka hutolewa na wahandisi na wauzaji, nayo hutazamwa kutoka Japani, Ulaya au Marekani, yaani kutoka mahali gari linapobuniwa. Hapa swali hilo linatazamwa kutoka mahali gari linapopita. Mahali palipochaguliwa ni Haneti, kata ya Wilaya ya Chamwino katika Mkoa wa Dodoma, iliyo kwenye barabara itokayo Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha. Barabara hiyo ni kipande cha ile ambayo utawala wa Waingereza uliiita Barabara Kuu ya Kaskazini.

Haneti haikuchaguliwa kwa sababu ina magari mengi. Imechaguliwa kwa sababu barabara yake ilikaa katika hali ya udongo na changarawe kwa takriban miongo minane, kisha ikapata lami katika muongo wa 2010. Mtu mzima wa Haneti ameziona hali zote mbili kwa macho yake. Zaidi ya hayo, mtu akiiacha lami na kushika njia ya Itiso, au njia yoyote iendayo mashambani na machungani, anarudi katika barabara ya zamani kabla moshi wa gari lake haujatulia. Katika mazingira ya namna hiyo, ukubwa wa gurudumu hauwezi kujadiliwa kama suala la urembo peke yake.

Hoja inayotetewa ni kwamba gurudumu, kwa maana ya umbali wote kutoka ardhini hadi ukingo wake wa juu, halikukua sana katika miaka mia moja iliyopita. Kilichokua ni chuma kilichomo ndani yake, na kimekua kwa kuumeza mpira. Mabadiliko hayo yana historia, yana sababu, na yana watu wanaoyalipia ambao hawakushauriwa.

Ni kipimo kipi kilichokua?

Mjadala wa kila siku huchanganya mambo mawili. Mtu anaposema gari fulani "lina tairi kubwa", huenda anamaanisha kipenyo cha gurudumu zima, au anamaanisha kipenyo cha rimu, yaani ile duara ya chuma au ya alumini inayoshikilia tairi. Namba ya mwisho katika maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi (14, 16, 18) ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba hiyo ndiyo inayopanda mwaka hadi mwaka, na ndiyo wauzaji wanayoitangaza.

Mifano michache inatosha kuonyesha tofauti. Ford T, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1908, lilikuwa na matairi ya nyuma yenye kipenyo cha nje cha inchi 30, sawa na sentimeta 76, juu ya rimu ya inchi 23. Land Cruiser ya kazi iliyovaa tairi la 7.50R16, lile ambalo hospitali za misheni, miradi ya maji na idara za wanyamapori zimelitumia kwa miongo mingi, gurudumu lake lina kipenyo cha takriban sentimeta 80 juu ya rimu ya inchi 16. Land Cruiser 300, iliyotoka mwaka 2021, inaweza kuja na tairi la 265/65R18 au 265/55R20. Ukikokotoa, yote mawili yanatoa kipenyo cha takriban sentimeta 80. Magari matatu, zaidi ya karne moja, na tofauti ya sentimeta nne tu. Ila ubavu wa mpira, yaani kimo cha tairi kutoka ukingo wa rimu hadi linapogusa ardhi, ulikuwa karibu sentimeta 20 katika 7.50R16, nao umebaki chini ya sentimeta 15 katika rimu ya inchi 20.

Malori yanatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Tairi la 10.00R20 lenye tyubu, lililotawala malori kwa muda mrefu, na tairi la 11R22.5 lisilo na tyubu lililolirithi, yanakaribiana kwa kipenyo cha nje kiasi kwamba moja huchukua nafasi ya jingine. Inchi mbili na nusu za chuma zimeongezeka, na mpira umepungua kwa kiasi hicho.

Magari madogo yanahitaji uangalifu kidogo, kwa kuwa huko ukuaji wa kipenyo cha nje upo. Corolla ya kwanza ya mwaka 1966 ilikuwa na rimu ya inchi 12 na gurudumu lisilofika sentimeta 60. Corolla ya siku hizi inaweza kuvaa tairi la 225/40R18, lenye kipenyo cha karibu sentimeta 64. Gurudumu limeongezeka kwa sentimeta chache. Chuma kimeongezeka kwa inchi sita, ambazo ni sentimeta 15 na zaidi. Kwa hiyo hata pale gurudumu lilipokua, mpira ulipungua.

Nchi isiyokuwa na gurudumu

Ugogo ulipitiwa na misafara mikubwa ya karne ya 19 bila gurudumu. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga na bunduki vilibebwa vichwani na mabegani, na watemi wa Wagogo walitoza hongo kwa haki ya kupita na ya kuteka maji. Majaribio ya kuleta gurudumu kutoka pwani yalifanywa na wamisionari. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alikwenda na ng'ombe hadi Mpwapwa ili kupima kama wangeweza kuvuta magari ya mizigo. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa Church Missionary Society alisimamia ukataji wa njia ya magari kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mbung'o waliwaua ng'ombe, na msafara wa wenzao Price ukalazimika kurudi kwa wapagazi. Gurudumu lilishindwa si kwa udogo wake bali kwa kukosa wa kulivuta, na kwa kukosa njia ya kulipokea.

Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, gurudumu lilifika pamoja na barabara yake yenyewe ya chuma. Jambo hili linastahili kuzingatiwa: gurudumu la treni halina mpira hata kidogo, kwa sababu ulaini wote umehamishiwa kwenye njia, katika kokoto na mataruma yaliyopangwa kwa kipimo. Kadiri njia inavyoandaliwa vizuri, ndivyo gurudumu linavyoweza kuwa gumu. Kanuni hiyo itajitokeza tena.

Magari ya injini yaliujaribu ukanda huu kwa mara ya kwanza kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la van Deventer liliingia Kondoa Irangi Aprili 1916, na mvua za masika zikalikwamisha hapo. Njia nyuma yake zikageuka tope, magari yakazama, na chakula kikabebwa na wapagazi kutoka Lolkisale, mwendo wa zaidi ya kilometa mia moja na tisini. Ilibidi kusubiri ardhi ikauke. Julai mwaka huohuo kikosi kiliteremka kusini kupitia nchi hii ya Haneti na Chenene, na Dodoma ikatekwa mwishoni mwa mwezi huo. Wanahistoria wa vita hueleza kampeni ile kwa majenerali na kwa malaria. Anayeisoma kwa jicho la magurudumu ataona kwamba kwa miezi miwili hivi kichwa cha mpagazi kilishinda injini, mahali ambapo leo basi hupita kwa saa chache.

Mpira kama barabara

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Barabara Kuu ya Kaskazini ilikuwa imeunganisha Arusha, Kondoa, Dodoma, Iringa na Mbeya. Ilikuwa ya udongo. Udongo wa uwanda wa kati una tabia mbili zinazopingana: kichanga chekundu cha vilimani kinachokuwa mavumbi wakati wa kiangazi, na udongo mweusi wa mbugani unaonata na kuteleza mvua zinaponyesha kati ya Desemba na Aprili. Katikati yake yapo makorongo ya mchanga, ambayo kwa miezi minane hayana maji na kwa siku chache yanaweza kuchukua gari zima. Na barabara ya changarawe isiyochongwa mara kwa mara huota matuta madogomadogo yaliyopangana kama bati, yanayotikisa gari hadi misumari ikalegea.

Katika barabara ya namna hiyo mpira ulifanya kazi ambayo barabara haikuweza kuifanya. Tairi nene lenye hewa nyingi ni springi ya kwanza ya gari. Linainama juu ya jiwe badala ya kulipiga. Penye mchanga, dereva mzoefu hupunguza upepo ili tairi litandazike na kupata eneo kubwa la kukanyaga, kisha huujaza tena akivuka. Kwa maneno mengine, gari lilitembea na kipande cha barabara yake, nacho kilifungwa kwenye rimu.

Ndiyo maana historia ya rimu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni historia ya kupungua. Jambo hili husahaulika sana katika mijadala ya siku hizi, kana kwamba ukuaji ulianza na gari la kwanza na kuendelea bila kusita. Tairi la hewa lilibuniwa upya na Dunlop mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli, na ndugu wa Michelin walilipeleka katika mashindano ya magari mwaka 1895. Matairi ya awali yalikuwa membamba, yenye upepo mkali, juu ya rimu kubwa zilizofanana na za mkokoteni wa farasi. Gurudumu refu lilikuwa na faida yake, kwa kuwa gurudumu refu hulikanyaga shimo, na gurudumu fupi hutumbukia. Mwaka 1923 Firestone walianza kuuza matairi mapana yenye upepo mdogo. Tangu hapo mpira ulinenepa na chuma kikapungua: inchi 21 katika Ford T za mwisho, inchi 16 katika magari mengi kabla ya Vita Kuu ya Pili, inchi 15 katika Volkswagen ya miaka ya 1950. Land Rover ya mwaka 1948 ilivaa tairi la 6.00-16. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na mara tatu mfululizo kuanzia 1966, ilikuwa na rimu ya inchi 15. Mrithi wake, 504, alikuwa na ya inchi 14. Mwisho wa mteremko huo ulifikiwa na Mini ya mwaka 1959, gari la Kiingereza lililoundwa kwa kubana kila sentimeta, lililovaa rimu ya inchi 10. Gari hilo lilibuniwa kwa ajili ya miji yenye lami, na sidhani kama kuna aliyelitazamia kuvuka korongo la Haneti mwezi Februari.

Kwa hiyo kipindi cha kuanzia miaka ya 1930 hadi 1970 kilikuwa kipindi ambacho mahitaji ya barabara ya Haneti na mkondo wa teknolojia ya dunia vilielekea upande mmoja: chuma kidogo, mpira mwingi. Haikuwa kwa kuihurumia Haneti. Barabara za Marekani ya vijijini, za Australia na za kusini mwa Ulaya nazo zilikuwa mbovu, na mnunuzi alitaka starehe.

Tanzania iliingia katika utengenezaji wakati huohuo. Kiwanda cha General Tyre kilijengwa Arusha, kwenye barabara ileile ipitayo Haneti, ubia wa serikali na kampuni ya kigeni, na kwa miongo zaidi ya mitatu kikatengeneza matairi kwa ajili ya magari yaliyokuwa yakitumika nchini. Uzalishaji wake ulikoma mwishoni mwa muongo wa 2000. Sababu za kukoma ni nyingi na nyingi kati yake ni za fedha na uendeshaji. Si kusudi la makala haya kuzipima. Itoshe kusema kwamba nchi iliacha kutengeneza tairi katika miaka ileile ambayo aina za saizi zilikuwa zikiongezeka kwa kasi sokoni.

Kwa nini chuma kilianza kupanda

Mageuzi yalianza na tairi la redio, yaani lile ambalo nyuzi zake hukatiza kutoka ubavu hadi ubavu na kufungwa kwa mikanda ya chuma chini ya uso wa kukanyagia. Michelin walilisajili mwaka 1946 na kuliuza kuanzia 1949. Katika tairi la zamani la nyuzi za mshazari, ubavu na uso ni kitu kimoja, na ukiufupisha ubavu tairi huwa gumu mno na hupata joto. Tairi la redio lilitenganisha kazi hizo mbili, na hivyo likaruhusu ubavu kufupishwa. Lilipotoka halikufupishwa mara moja. Liliacha mlango wazi, na miaka ya 1970 watengenezaji wa magari ya mbio na ya kifahari wakaupitia.

Sababu ya kwanza iliyowasukuma ni breki. Breki ya diski hukaa ndani ya rimu, na gari zito au lenye kasi linahitaji diski pana ili joto lisambae. Rimu ya inchi 13 haina nafasi ya diski ya gari lenye tani mbili. Sababu ya pili imefungamana na hiyo: magari yamekuwa mazito. Corolla ya mwaka 1966 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 700, na ya sasa ina takriban 1,300, kwa sababu ya vyuma vya kuwalinda abiria wakati wa ajali, mifuko ya hewa, viyoyozi na vizuia kelele. Uzito hubebwa na hewa iliyomo ndani ya tairi. Ukitaka kubeba zaidi, ama uongeze ujazo wa hewa, ama uongeze mgandamizo wake.

Sababu ya tatu ni usukani. Ubavu mfupi haupindi gari linapokata kona kwa kasi, hivyo dereva wa barabara ya Ujerumani hupata gari linaloitikia mara moja. Magari ya umeme yameongeza sababu ya nne. Betri ni nzito, na gurudumu refu na jembamba hupunguza ukinzani wa kubingirika na wa upepo. BMW i3 ilivaa tairi la 155/70R19, na Toyota Prius ya tangu mwishoni mwa 2022 huja na 195/50R19, saizi ambazo fundi wa zamani angedhani ni za pikipiki iliyokosewa.

Lakini sababu hizi zote kwa pamoja hazielezi inchi 20 na 22. Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ya wahandisi, ambao hupenda kumalizia kwenye breki. Land Cruiser ileile, yenye injini ileile na uzito uleule, huuzwa ikiwa na rimu ya inchi 18 au 20, na katika baadhi ya masoko ya kazi ngumu hupewa rimu ya chuma ya inchi 17. Ikiwa breki zinaenea katika 17, hizo tatu za juu zinafanya kazi gani? Zinafanya kazi ya macho. Milango na maboneti ya magari yamepanda juu, kwa sehemu kutokana na kanuni za usalama wa abiria na wa watembea kwa miguu, na mwili mrefu juu ya gurudumu dogo huonekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto. Mbunifu huongeza rimu ili kurudisha uwiano. Muuzaji naye huona kwamba rimu ni kitu kinachoonekana kutoka mbali, kwa hiyo huiweka katika toleo la bei ya juu. Harrier ni kielelezo kizuri kwa soko letu. Ya mwaka 1997 ilikuwa na rimu ya inchi 16, na ya mwaka 2020 inaweza kufika 19. Kati ya hizo mbili, namba ya rimu imekuwa njia ya mtu wa kawaida kusoma umri na bei ya gari bila kufungua boneti.

Lami na mashangingi

Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251, ilizinduliwa rasmi ikiwa ya lami Aprili 2018, baada ya ujenzi uliofadhiliwa na Serikali ya Tanzania, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani kupitia shirika lake la JICA. Miaka miwili kabla, serikali ilikuwa imetangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, uamuzi uliokuwa umesubiri tangu 1973. Mambo hayo mawili yalikutana barabarani. Safari ya kutoka makao makuu kwenda Arusha ikawa ya kupitia Haneti, na magari yaliyozoeleka katika mitaa ya Dar es Salaam yakaonekana hapo: IST za inchi 14 na 15, Harrier, na mashangingi ya wakubwa.

Si sahihi kusema kwamba lami ya Haneti ndiyo iliyoleta rimu kubwa. Rimu hizo ziliamuliwa Japani. Tanzania huendesha kushoto kama Japani, na sehemu kubwa ya magari madogo huingia yakiwa yametumika huko, hivyo tunapokea maamuzi ya wabunifu wa Japani baada ya miaka kadhaa, hata kumi na zaidi. Lami ilichofanya ni kuyaruhusu magari hayo yafike bila kuvunjika. Kile ambacho reli ilifanya mwaka 1910, lami ilikirudia: ulaini ulitolewa kwenye gurudumu na kukabidhiwa kwa njia. Tofauti ni kwamba mwaka 1910 treni haikuweza kuacha njia yake. Gari huweza, na hapa Haneti hulazimika.

Daktari anayetoka Dodoma kwa gari lake kwenda kwenye zahanati iliyo nje ya lami, mfanyabiashara wa alizeti, mchimbaji anayefuata mawe ya kijani ya krisopresi yanayotoka katika vilima vya Haneti, wote huiacha lami kwa ubavu wa sentimeta tisa au kumi na mbili. Jiwe lenye makali likibonyeza ubavu mfupi dhidi ya ukingo wa rimu, mpira hukatwa kwa ndani, na tundu la ubavuni halizibwi kwa usalama kama lile la usoni. Kupunguza upepo penye mchanga, ujuzi uliorithishwa na madereva kwa vizazi vitatu, huwa hatari, kwa sababu hakuna mpira wa kutosha kubaki kati ya chuma na jiwe. Na tairi la akiba, katika magari mengi madogo ya siku hizi, ni lile jembamba la dharura, lililokusudiwa kumfikisha mwenye gari gereji ya karibu. Wabunifu waliposema "karibu" hawakuwa wakifikiria umbali wa Itiso hadi Dodoma.

Upande wa fundi pancha ndio uliopuuzwa zaidi katika maandishi niliyoyapitia. Rimu ya 7.50R16 ya vipande hufunguka kwa vyuma viwili, nyundo na nguvu za mikono. Tyubu hutolewa, hutumbukizwa katika karai la maji, tundu huonekana kwa mapovu, kiraka hubandikwa kwa gundi, na kazi inaisha chini ya mti. Miiba ya migunga imewapa mafundi hao riziki tangu siku za baiskeli. Rimu ya alumini ya inchi 18 yenye ubavu mfupi ni kazi ya namna nyingine. Ubavu mgumu haukubali kuvutwa kwa chuma bila kuumia, alumini hukwaruzika na kupasuka, na gurudumu linahitaji kusawazishwa kwa mashine, la sivyo usukani hutetemeka. Mashine hizo ziko mjini. Hivyo kila inchi inayoongezwa kwenye rimu huhamisha kazi kidogo kutoka kibanda cha barabarani kwenda kwenye karakana yenye umeme na mtaji. Hii si lawama kwa fundi wa mjini. Ni suala la nani anapoteza kipato, nalo halimo katika bei ya gari.

Jambo hilohilo linafika hata kwa wasio na gari. Tairi na rimu vilivyochakaa havikutupwa katika uwanda wa kati. Rimu za inchi 13, 14 na 16 pamoja na ekseli zake zimefanywa magurudumu ya mikokoteni inayovutwa na punda na ng'ombe, inayobeba maji, kuni na mazao. Mpira wa matairi ya nyuzi za mshazari ulikatwa kuwa katambuga, na mipira ya ndani ikawa kamba za kufungia mizigo na manati za watoto. Tairi la redio lilianza kuubana uchumi huo mapema, kwa sababu mikanda ya chuma chini ya uso wake hukataa kisu. Tairi lisilo na tyubu liliondoa kamba. Ubavu mfupi sasa unaondoa gurudumu la mkokoteni, kwa kuwa mkokoteni hauna springi wala shokapu, na ulaini wake wote uko katika mpira. Ukiufunga mkokoteni rimu ya inchi 18 yenye ubavu wa sentimeta tisa, kila jiwe litapigwa na mgongo wa punda.

Kwa sasa rimu ndogo bado zinapatikana, kwa sababu magari ya miaka ya 1990 bado yanafia nchini, na bajaji na magari madogo ya mizigo yanaendelea kuvaa rimu fupi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 bado inaagizwa ikiwa na rimu ya inchi 16, na ndiyo gari ambalo taasisi zinazofanya kazi nje ya lami zinaendelea kulichagua, ingawa wakuu wa taasisi hizohizo wao wenyewe husafiri kwa magari ya inchi 18 na 20. Ndani ya uzio mmoja wa ofisi mjini Dodoma mtu anaweza kuyakuta yote mawili yameegeshwa sambamba, magurudumu yakiwa ya kimo kimoja. Lile la inchi 16 lina matope ya njia ya Itiso hadi kwenye vitasa.